Tumemwondolea mtoto kila chakula, sasa uzito umegoma

Shikamoo Mama,

Naishi Morogoro mjini, nina watoto 2. Mkubwa ni wa kiume, ana miaka 2 na miezi 9. Mdogo ni wa kike, ana miezi 5. Nakuandikia kwa ajili ya huyu mkubwa, maana sijui tena nimlishe nini.

Alipokuwa na mwaka 1 na miezi 2 nilimwonjesha kisamvu cha karanga, kijiko kimoja tu. Hata sijamaliza kumfuta, midomo ikaanza kuvimba, mwili ukatoka mabaka yaliyoinuka kama kaumwa na nyuki, akatapika mara mbili. Tulikimbilia zahanati, akachomwa sindano, akatulia. Tangu siku ile karanga hazipikwi ndani kwangu.

Ila ana pumu ya ngozi tangu mchanga, viwiko na nyuma ya magoti haviishi kuwasha, na akila mchuzi wenye nyanya nyingi anakuwa mwekundu kuzunguka mdomo. Halafu Februari mwaka huu aliharisha sana, na alipopona, kila nikimpa maziwa tumbo linajaa gesi na kuhara kunarudi. Nikaogopa. Aprili, nikiwa na mimba kubwa, nilimpeleka maabara moja ya binafsi. Wakamtoa damu, nikalipa pesa nyingi, nikapewa karatasi ya vyakula zaidi ya 40 vilivyopakwa rangi. Vyekundu vilikuwa karanga, maziwa, mayai, ngano, soya, maharage, samaki, nyanya na ndizi. Hakuna daktari aliyenifafanulia. Niliambiwa tu, "Vyekundu asile."

Mama, nimeifuata karatasi ile kama amri. Sasa mtoto anakula wali au ugali na mchicha wa kuchemsha, uji mweupe wa sembe, na chai ya rangi. Nyama labda mara moja kwa wiki. Ziwa nilimwachisha akiwa na mwaka 1 na miezi 9, nilipojua nina mimba ya mdogo wake. Mei alikuwa na kilo 10.9. Mwezi huu ana 10.8. Nesi alimpima mkono kwa ule utepe, ukaishia kwenye manjano, akanifokea, "Huyu unamlisha nini?" Nililia pale pale kwenye benchi.

Nyumbani nako hakukaliki. Mama mkwe alikuja kutoka Tabora kunisaidia uzazi. Anasema mtoto kabemendwa, kwamba nilishika mimba mwenzake akiwa bado yuko ziwani. Anataka akakatwe kimeo. Na anasema aleji ni ugonjwa wa watoto wa mjini, kwao mtoto anakuzwa kwa karanga na matobolwa ya viazi vitamu, basi tumpe punje punje mpaka azoee. Mume wangu yuko kimya, naona anaelekea kwa mama yake.

Mwezi uliopita jirani alimpa kashata ya karanga nikiwa naogesha mdogo. Nikasikia anakohoa, sauti imekuwa nzito kama si yake, nikatoka nikakuta macho yamefumba kwa uvimbe. Nilimpa piritoni, mama mkwe akamnywesha maziwa ya kukata sumu, tukapanda bodaboda hadi kituo cha afya. Mungu mkubwa, alipona. Tangu hapo nimewaambia majirani wasimpe mwanangu chochote, na sasa mtaa mzima unasema najidai, nawaona wenzangu wachawi.

Nisaidie Mama. Tumzoeshe au tusimzoeshe? Januari nimwandikishe chekechea au nikae naye ndani? Na huyu mdogo, karanga asizijue kabisa? Mimi ninayenyonyesha niache kuzila?

Mama wa wawili, Morogoro

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole. Yule nesi alikuuliza swali la haki kwa sauti isiyo ya haki. Mama anayebana chakula cha mtoto kwa sababu alimwona akivimba mbele ya macho yake hastahili kufokewa kwenye benchi.

Nianze na kashata, maana hapo ndipo kwenye kifo.

Sauti kubadilika ghafla na kikohozi kisichokatika ni dalili kwamba mzio, yaani aleji, umeshuka kooni na kwenye njia ya hewa. Dawa ya hali hiyo ni moja, adrenalini, inayochomwa kwenye msuli wa paja upande wa nje, kwa kipimo kinacholingana na uzito wa mtoto. Piritoni inatuliza kuwasha na mabaka. Haifungui koo lililovimba, haipandishi presha iliyoanguka, na ubaya wake mwingine ni kwamba inamlaza mtoto usingizi, wewe ukadhani ametulia kumbe anazidiwa. Maziwa nayo hayakati kitu hapa. Mtoto anayepumua kwa shida ukimnywesha, yanaweza kumpalia. Usimtapishe, usimpe mkaa, usimsubirishe uone itakuwaje.

Zile kalamu za adrenalini ambazo wazazi wa Ulaya hutembea nazo kwenye mkoba ni nadra kwetu na bei yake inauma. Lakini adrenalini ya kwenye vichupa ni dawa ya kawaida ya dharura hospitalini. Kwa hiyo kazi yako ya wiki hii, kabla ya nyingine yoyote, ni kwenda kituo cha afya kilicho karibu na kuuliza waziwazi: adrenalini ipo? Hata usiku? Nani anaichoma? Wakisema hakuna, nenda kinachofuata, mpaka ujue ni mlango gani wa kukimbilia saa nane za usiku. Namba ya dereva wa bajaji iwe kwenye simu yako na ya bibi yake. Nasema bajaji kwa makusudi: mtoto aliyelegea alazwe, miguu iwe juu kidogo, na kwenye bodaboda utamshika wima. Kama anahangaika kupumua, mwache akae anavyopata hewa. Na akichomwa akapata nafuu, msikimbilie kurudi nyumbani, maana mzio unaweza kurudi mara ya pili baada ya saa kadhaa. Kaeni chini ya uangalizi mpaka daktari awaruhusu.

Sasa turudi kwenye sahani.

Barua yako niliisoma mara mbili, mara ya pili kalamu mkononi, nikiandika kila chakula ulichokitaja na kando yake mtoto alifanya nini alipokila. Nilipomaliza, upande wa vilivyomdhuru kwa ushahidi kulikuwa na jina moja: karanga. Mara mbili, ndani ya dakika chache, na mara zote mbili alivimba. Huo ni mzio, hauna mjadala. Vingine 8 vilivyopigwa wekundu sijaona siku hata moja ulipoandika, "Alikula hiki, akavimba."

Tazama maziwa. Alianza kuyashindwa baada ya kuhara sana. Kuhara kunachubua utumbo, na pale ndipo kinapokaa kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa. Kikipungua, maziwa yanaleta gesi na kuhara, na utumbo ukipona, mara nyingi baada ya wiki chache, hali inarudi kama zamani. Huko ni kushindwa kusaga, na mzio ni jambo jingine. Na bibi yake alimnywesha maziwa siku ya kashata. Siwezi kuihesabu siku ile upande wowote kwa sababu ilikuwa vurugu, lakini mwambie daktari. Kama kuna mtu ameshakushauri maziwa ya mbuzi, subiri kwanza: mwenye mzio wa kweli wa maziwa ya ng'ombe karibu kila mara hayawezi na ya mbuzi, maana protini zake zinafanana mno.

Nyanya zina uchachu, na ngozi ya mtoto mwenye pumu ya ngozi imechubuka hata pale usipopaona. Zikigusa mdomo, panawaka na kuwa pekundu, baada ya muda panapoa. Mpake mafuta ya mgando kuzunguka mdomo kabla ya kula, uone. Mandazi, chapati, dagaa, ndizi: kabla ya Aprili alikuwa anavila? Naamini alikuwa anavila, mtoto wa Morogoro asile ndizi? Keti na mume wako usiku mmoja mkumbuke kimoja kimoja, mwandike kwenye daftari. Kumbukumbu hiyo ina uzito kuliko karatasi uliyolipia.

Na ile karatasi itoe uiangalie herufi zake, ndizo jina la aina ya kinga iliyopimwa kwenye damu. Ikiwa imeandikwa IgG, imekuonyesha vyakula ambavyo mwili wa mtoto umewahi kukutana navyo, basi. Mtoto mzima kabisa anaweza kupewa orodha ndefu ya namna hiyo, na madaktari wa mzio hawaitumii kabisa. Ikiwa ni IgE, hicho ndicho kipimo chenye maana, ila nacho kinasema mwili umeweka alama kwenye chakula hicho, hakisemi kwamba akikila atavimba. Wapo watoto wengi wenye alama na wanakula vizuri. Anayekata shauri ni daktari anayelinganisha kipimo na historia, na penye shaka mtoto hulishwa chakula chenyewe hospitalini, kidogo kidogo, sindano ikiwa tayari mezani.

Hapa nikuombe uvumilivu mmoja, maana najua ukisoma hivi utataka kesho umkaangie mayai. Usifanye hivyo. Mtoto mwenye pumu ya ngozi aliyekaa miezi 6 bila chakula fulani, mwili wake unaweza kukipokea kwa ukali kuliko zamani. Mayai, maziwa, ngano, soya na samaki virudi kwa mpango wa daktari. Omba barua ya rufaa kwenda hospitali ya rufaa ya mkoa kwa daktari wa watoto, naye akiona haja atakupeleka Muhimbili. Beba kadi ya kliniki, karatasi ya maabara na lile daftari. Uliza pia kama ana dalili za pumu ya kifua, kwa sababu pumu isiyotibiwa hufanya mzio wa karanga uwe wa hatari zaidi. Na ngozi nayo itibiwe kwa dawa ya daktari, siyo krimu za kuchanganya za dukani.

Ila maharage na ndizi sioni sababu ya kuvisubirisha, kama daftari linasema alivila zamani bila shida. Karanga ni ndugu wa maharage, ni jamii ya kunde, ndiyo maana watu huogopa. Lakini wengi mno wenye mzio wa karanga wanakula maharage, kunde na choroko vizuri tu. Anza na vijiko viwili mchana, mtoto akiwa mzima wa afya, wewe ukiwa karibu naye.

Sasa uzito. Kilo 10.8 kwa mvulana wa miezi 33 ni kidogo. Wenzake wa kati wana karibu 14. Manjano kwenye utepe maana yake mzunguko wa mkono uko kati ya sentimita 11.5 na 12.5: utapiamlo wa wastani. Unarekebishika, lakini hausubiri mwaka mpya. Na sababu yake naiona kwenye barua yako mwenyewe. Ndani ya mwaka mmoja mtoto huyu alipoteza maziwa ya mama, maziwa ya ng'ombe, mayai, samaki na maharage, na mahali pake hapakuwekwa kitu. Karanga tulizomwondolea zilikuwa na mafuta na protini. Mchicha wa kuchemsha hauna mafuta, na sembe imekobolewa ikabaki wanga. Anashiba, hajengeki.

Chai ya rangi aiache leo, hasa na chakula, maana inazuia madini ya chuma yasifyonzwe. Uji uwe mzito, wa dona au ulezi, na katika kila bakuli tia kijiko cha chai cha mafuta ya alizeti. Kijiko hicho peke yake ni kama kalori 40 na mtoto hata hatajua kipo. Mafuta ya karanga yaliyokamuliwa mtaani usiyaguse, na huyo anayekukamulia alizeti muulize kama mashine ileile inakamua karanga. Mchicha ukaangwe, utiwe tui la nazi. Parachichi la kuponda. Viazi vitamu vya rangi ya chungwa. Maini ya kuku: kipande cha ukubwa wa kidole gumba mara mbili kwa wiki kina vitamini A nyingi, na chuma chake kinafyonzwa vizuri kuliko cha mboga, na bei yake si ya nyama. Apewe milo 3 na vitafunio 2, maana tumbo la umri huo ni dogo.

Unga wa lishe wa kununua uache. Wengi wanachanganya karanga na soya, na mwingine hauandiki. Hata ulezi wako mwenyewe ukiupeleka mashineni, simama uangalie: aliyekutangulia kama alisaga lishe yenye karanga, utaona ule ukungu wa unga wenye mafuta umeganda kwenye mdomo wa mashine, na kibeseni chako cha kwanza kinatoka na unga wake. Nenda asubuhi kabla haijachafuka, tanguliza kilo moja ya mahindi yapite, hayo uyatenge yasiwe ya mtoto. Ikiwezekana saga kwa anayesaga mahindi tu. Na kile kinu cha mbao kilichowahi kutwangiwa karanga hakisafishiki, mbao inakunywa mafuta. Nunua kingine.

Neno moja la kukariri, nalo siwezi kulisisitiza vya kutosha. Mkono ukifika kwenye wekundu, yaani chini ya sentimita 11.5, atapewa chakula dawa, ile pakiti ya lishe laini ya kukamua. Imeokoa watoto wengi sana tangu ilipobuniwa miaka ya 1990, na inatengenezwa kwa karanga na maziwa ya unga. Kwa mwanao ni sumu. Kila mhudumu anayemshika mtoto huyu ajue, na iandikwe kwa wino mwekundu juu ya kadi: MZIO MKALI WA KARANGA. Wodini yapo maziwa maalumu ya tiba yasiyo na karanga, wataamua wao, lakini wajue kwanza.

Kuhusu mama mkwe wako.

Neno kubemenda nimelisikia miaka yote ya kazi yangu ya unesi, na nimewaona wanawake wakilibeba kama jiwe kifuani. Mwanangu, hujambemenda mtu. Mimba haitii sumu kwenye maziwa, na tendo la ndoa halimdhoofishi mtoto aliyelala chumba cha pili. Lakini nakuomba usimjibu bibi kwamba anasema upuuzi. Wazee walikuwa wanaona jambo la kweli: mama akishika mimba, mkubwa huachishwa ghafla, na akiachishwa bila kupewa kingine chenye nguvu, anakonda. Walichoona ni sahihi, sababu waliyoitaja ndiyo siyo. Mwambie hivi, kwa adabu yako: "Mama, kweli mtoto alipoteza ziwa na hatukumfidia. Naomba unisaidie tumfidie." Huyo ni mwanamke aliyekuza watoto Tabora. Mpe jiko. Mpe na ulinzi wa mlango, yeye ndiye awaambie wageni kwamba mjukuu wake hali kitu bila ruhusa yake. Akilisema bibi, mtaa hautasema unajidai.

Kimeo kisikatwe. Mtoto atavuja damu na kuingiwa vijidudu kwa kosa ambalo koo lake halikulitenda. Mume wako aambiwe hilo nawe, uso kwa uso, na aende nanyi kwa daktari akayasikie kwa masikio yake. Kukaa kimya kwenye hili ni kukubali.

Kuzoesha punje punje, jibu ni hapana. Na najua kuna habari inayozunguka kwenye simu kwamba wazungu wamegundua karanga zinazuia mzio. Habari yenyewe ni ya kweli, ila haimhusu mkubwa. Mwaka 2015 watafiti wa London walitangaza matokeo ya watoto 640 walioanza kufuatiliwa wakiwa na miezi 4 hadi 11, wenye pumu kali ya ngozi au mzio wa mayai. Waliokula karanga mara kwa mara tangu uchanga, walipofika miaka 5 wenye mzio walikuwa wachache kwa takriban asilimia 80 kuliko walionyimwa. Hao walianza kabla mzio haujaingia. Kwa aliyeshavimba mara 2 mlango huo umefungwa. Ipo tiba ya kumzoesha mtu mwenye mzio, nayo huanza kwa kipimo kidogo kuliko chembe unayoweza kuikata kwa kisu, chini ya jicho la daktari. Punje nzima jikoni inaweza kumuua.

Mdogo ndiye utafiti ule unaomhusu. Zamani madaktari wenyewe waliwaambia wazazi wachelewe, Marekani mwaka 2000 walisema mpaka miaka 3 kwa walio kwenye hatari, na baadaye wakalifuta shauri hilo. Wewe unayenyonyesha kula karanga zako, si lazima uache. Akitimiza miezi 6 aanze vyakula vingine, na mayai na karanga viwe mapema. Ila kwa sababu kaka yake ana mzio, muulize daktari siku hiyohiyo ya rufaa, na kama naye ana ngozi yenye pumu kali, apimwe kwanza. Akiruhusiwa, apewe siagi laini ya karanga iliyoyeyushwa kwenye uji, kamwe siyo punje, zinakwama kooni. Amlishe mtu mmoja, nje au kwa shangazi yake, mkubwa akiwa hayupo, kisha mikono na uso vioshwe kwa sabuni na maji. Ile gel ya kupaka mikononi inaua vijidudu, karanga inaziacha palepale.

Na majirani je? Hili ndilo lililonigusa kuliko yote, kwa sababu sisi mtoto ni wa mtaa mzima. Anayempa mwanao kashata anampenda, na anayenyimwa ruhusa ya kumpa anasikia ametukanwa. Neno "chochote" ndilo lililowachoma. Lirudishe likiwa na jina: "Karanga zilitaka kumuua mwanangu, ulimwona macho yalivyofumba. Mpe ndizi, mpe embe, ila karanga na kilichochanganywa usimpe." Ndizi utakuwa umeshazihakiki kwenye lile daftari. Nenda kwanza kwa yule wa kashata, kabla hujaenda kwa mwingine. Sidhani kama amelala vizuri tangu siku ile.

Chekechea aende. Kumfungia ndani hakutamlinda, kashata ilimkuta nyumbani kwako. Nenda Desemba, kaa na mwalimu na mpishi wa uji pamoja, uliza uji wao una nini na unasagwa wapi. Pengine utampakia uji wake kwenye chupa, sawa, ila akae na wenzake, asitengwe kwenye kona kama mwenye ukoma. Wenzake wanawe mikono kwa sabuni baada ya kula. Mwalimu awe na karatasi ukutani: picha ya mtoto, neno karanga, dalili 3 au 4, namba yako, na mlango wa kukimbilia. Naye mtoto ana umri wa kukariri sentensi moja. Mfundishe kama wimbo: "Nitamuuliza mama kwanza."

Mzio wa maziwa na mayai watoto wengi huuacha wakikua. Wa karanga huachwa na wachache, kama mmoja kati ya 5, kwa hiyo jiandae kuishi nao. Watu wanaishi nao, wanasoma, wanaoa.

Barua ya rufaa itachukua siku zake. Leo jioni chemsha maini, ugali wa dona, mchicha uutie tui na kijiko cha mafuta, na maji ya kunywa badala ya chai. Baada ya wiki 2 rudi kliniki mkapime uzito, kisha niandikie kadi imesemaje.